Kipimo cha masikio kisingoje mfanyakazi alalamike

KANUNI za kudhibiti kelele kazini zilizotolewa mwaka wa 2005 zilimwekea mwajiri nchini Kenya mpaka ulio wazi: mfanyakazi asikabiliwe na kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 kwa zaidi ya saa nane kwa siku. Zinamtaka pia awapime masikio walio hatarini. Sharti hili la pili ni rahisi kupuuzwa, ilhali ndilo lenye uzito zaidi.

Sababu imo katika namna kelele inavyoharibu sikio. Seli za sikio la ndani zinazopokea sauti nyembamba, hasa za karibu hezi 4,000, ndizo hufa kwanza, na zikifa hazioti tena. Mazungumzo hutegemea zaidi sauti zilizo chini ya kiwango hicho. Hivyo basi, mtu huendelea kupiga gumzo nyumbani bila tatizo ilhali mchoro wa kipimo chake tayari una shimo. Anapoanza kuchanganya "soma" na "choma", au kuwalaumu wenzake kwamba wananong'ona, muda wa kuokoa usikivu huo umekwisha kupita. Mlio masikioni baada ya zamu ni onyo, hata ukitoweka kufikia asubuhi.

Kipimo cha kwanza hufaa kufanywa siku ya kuajiriwa. Bila hicho, anayedai fidia chini ya sheria ya mwaka wa 2007 ya majeraha ya kazini huwa na kibarua kigumu cha kuthibitisha kwamba uziwi wake haukuletwa na uzee au maradhi. Aidha, kumpima mtu aliyetoka mtamboni punde tu hupotosha matokeo, kwa kuwa masikio huwa yamelemewa kwa muda.

Hayo ni ya viwandani, kwenye daftari la wafanyakazi. Kule Kamukunji, Nairobi, mafundi wa jua kali hugonga mabati kutwa wakiunda masanduku na majiko. Sheria ya usalama kazini, pia ya mwaka wa 2007, inawagusa hata wanaojiajiri, lakini fundi anayejilipa mwenyewe atampata wapi mwajiri wa kumgharimia kipimo?

Huduma nyingi za afya zimekuwa mikononi mwa kaunti tangu 2013, na mashine za kupima usikivu zinazobebeka zipo. Wahudumu wakizipeleka Kamukunji, itawabidi wafike alfajiri, kabla ya nyundo ya kwanza.