Hisa za Klabu na Meza ya Watoto Maskini



Wapendwa, baadhi ya vijana wetu wametuuliza kama ni vema shabiki anunue hisa za klabu yake. Swali hilo latukumbusha Celtic ya Glasgow, iliyoanzishwa mwaka 1887 katika ukumbi wa Kanisa la Mtakatifu Maria na Bruda Walfrid, Mmarist, ili zipatikane fedha za kuwalisha watoto maskini. Mwaka 1897 ikageuzwa kuwa kampuni, na meza ile ya watoto haikuwa tena lengo lake la kwanza.

Mwaka 1994 Celtic ilikaribia kufilisika. Fergus McCann akaichukua, na mwaka uliofuata mashabiki zaidi ya 10,000 walinunua hisa. Uwanja ukajengwa upya. Twawasifu. Ila anayechukua karo ya mtoto akanunulie hisa hatuwezi kumsifu, hata timu yake ikitwaa kombe.

Mwenye fedha ya akiba na anunue, wala asitazamie gawio kubwa. Hisa humpa mtu mdogo kitu ambacho tiketi haimpi: haki ya kusema katika mkutano mkuu. Mwaka 2013 wanahisa wadogo wa Celtic walidai wafanyakazi wa klabu walipwe ujira unaotosha kuishi, jambo ambalo Papa Leo XIII alilifundisha tangu mwaka 1891. Walishindwa kwa kura. Hawakunyamaza, na mwaka 2015 klabu ikatangaza kwamba itaulipa.