Tuanzie Kidato cha Kwanza



Kila Baraza la Mitihani la Tanzania linapotoa matokeo ya kidato cha nne, maneno ya stendi, sokoni na kijiweni katika miji yetu midogo huwa yaleyale. Shule ya kata imetuaibisha. Walimu hawafundishi. Watoto hawasomi, wako na simu. Wiki mbili zikipita tunanyamaza hadi matokeo mengine. Safari hii naomba tusinyamaze, na ombi langu ni moja: nguvu tunazozimalizia kidato cha nne, tuzianzishie kidato cha kwanza.

Shule hizi za kata ni zetu hasa. Katika miaka iliyofuata kuanza kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari mwaka 2004, wananchi ndio waliochimba misingi, wakasomba mawe na mchanga, wakafyatua matofali na kuchanga fedha ili kila kata iwe na sekondari yake. Maelfu ya watoto ambao wangeishia darasa la saba wakapata pa kwenda. Ile ilikuwa kazi kubwa na hatuna budi kujivunia. Lakini kuta zilisimama kabla ya walimu, vitabu na maabara kupatikana. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa 2012 yalipotoka, watahiniwa sita katika kila kumi walikuwa wamepata daraja la sifuri. Nchi nzima ilishtuka, tume ikaundwa, na matokeo yakapangwa upya.

Tangu wakati ule tumepiga hatua. Mwaka 2016 ada ya sekondari za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne, madarasa yameongezeka, na sifuri zimepungua sana. Hata hivyo, tujifunze kuyasoma matokeo vizuri. Anayehesabiwa kuwa amefaulu ni pamoja na mwenye daraja la nne, yaani pointi 26 hadi 33. Wakati huohuo, anayetaka kuingia kidato cha tano anahitaji alama C au zaidi katika masomo yasiyopungua matatu. Kwa hiyo shule inaweza kutangaza ufaulu mkubwa ilhali wengi wa wahitimu wake hawawezi kuendelea na kidato cha tano. Matokeo ya kila shule yamo katika tovuti ya Baraza, somo kwa somo. Yafungue kwenye simu yako. Tazama ni wangapi wamepata daraja la kwanza hadi la tatu, kisha tazama Hisabati, somo ambalo kwa miaka mingi limekuwa likiburuza mkia nchi nzima.

Chanzo cha matokeo hayo duni kiko mbali na chumba cha mtihani. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma miaka saba kwa Kiswahili. Januari anaingia darasa ambalo Bailojia, Jiografia na Hisabati zote zinafundishwa kwa Kiingereza. Aliyekuwa akinyoosha mkono kila siku anakaa kimya, kwa kuwa hana lugha ya kuulizia. Ananakili ubaoni, anakariri, anasonga mbele. Anapofika kidato cha pili ameshaamini kwamba hana akili. Kambi ya miezi mitatu kabla ya mtihani wa mwisho haiwezi kumrudishia miaka mitatu aliyopoteza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi kila mwaka tunahangaika na ukuta.

Wazazi wenzangu, mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba na kidato cha kwanza huanza Januari. Miezi hiyo watoto wetu wengi hushinda mtaani au kwenye vibarua. Tuwatafutie mahali pa kujifunza Kiingereza cha masomo na kurudia hesabu za msingi, iwe darasa lililo wazi, ukumbi wa kanisa au madrasa. Wakishaanza shule, tufungue madaftari yao kila wiki, hata kama hatukusoma sisi wenyewe. Ukurasa mtupu unaonekana na kila mtu.

Mwalimu mstaafu, nawe kijana uliyehitimu ualimu ukisubiri ajira, mji wako unakuhitaji. Saa chache kwa wiki na kundi dogo la kidato cha kwanza zinaweza kumwokoa mtoto. Wenye maduka, mashine za kusaga na magari, zawadi mnazotoa kwenye mahafali ni njema, lakini kamusi na vitabu vya kiada vikitolewa Januari vitafanya kazi miaka minne.

Tuzungumze pia juu ya chakula. Mtoto aliyetembea kilomita kadhaa asubuhi hawezi kuelewa hesabu saa nane mchana akiwa na njaa. Kufutwa kwa ada hakukufuta wajibu wetu wa kumlisha. Tukubaliane mkutanoni kuhusu mahindi na maharage, tusomewe mapato na matumizi, na asirudishwe nyumbani mtoto yeyote kwa sababu kwao hawakuweza kuchanga.

Walimu wetu, tunajua mnabeba vipindi vingi na madarasa yaliyojaa. Tunawashukuru, na tunawaomba jambo moja: mwalimu hodari wa Kiingereza na wa Hisabati asiachiwe kidato cha nne peke yake. Wanafunzi wapya nao wamwone.

Diwani na bodi ya shule, itisheni mkutano wa wazazi mapema, matokeo ya upimaji wa kidato cha pili yakishatoka. Yasomwe mbele yetu somo kwa somo, na kila somo lililoanguka lipewe watu wa kulisimamia kwa majina. Nasi tulioitwa tufike, wenye watoto shuleni na wasio nao, kwa sababu daktari, fundi na mwalimu wa kesho wa miji yetu wamekaa kwenye madawati hayo sasa.