Inchi nyingi si maandishi safi

Niko Mkonze, jua la Dodoma likiwa kazini kama kawaida. Leo naiacha siasa ipumzike. Nina hoja moja: tukinunua kioo cha kompyuta cha kusomea na kuandikia, tusiulize inchi peke yake. Tuulize na pikseli.

Pikseli ni vile vidoti vinavyounda kila unachokiona kwenye kioo. Chukua kioo cha inchi 19 chenye pikseli 1366 kwa 768, vile tulivyovizoea kwenye steshenari. Kila inchi ina vidoti kama 82 tu. iPhone 4 ya mwaka 2010 ilikuwa na 326. Ni kweli simu tunaishika karibu na macho, lakini hata hivyo pengo ni kubwa mno.

Kwenye kioo cha namna hiyo, herufi ndogo ya kawaida hupata vidoti kama 7 tu kwenda juu. Ndipo 3 inafanana na 8, na ritifaa inabaki kidoti kisichoonekana vizuri. Kwetu ritifaa si pambo jamani! Ng'ombe anaihitaji, na Ng'hong'onha hapa jirani inazihitaji mbili. Ikidondoka kwenye ng'oa unapata ngoa, yaani umeacha kung'oa mti umeingia kwenye wivu.

Gazeti likikosea, kesho linasahihisha. Lakini huku kwetu watu wananunua viwanja, na mikataba inachapwa na kukaguliwa kwenye vioo hivyo hivyo. Kiwanja namba 83 kikiandikwa 88, hapo ni ugomvi wa majirani na nauli za kwenda baraza la ardhi.

Najua utasema: bei! Sawa. IBM walitoa T220 mwaka 2001, pikseli 3840 kwa 2400 kwenye inchi 22, na haikuwa ya mtu wa kawaida. Leo kioo cha 4K cha inchi 24 kina vidoti kama 184 kwa inchi, lakini bado si kila mfuko unakiweza.

Basi angalau tusidanganyike. Muuzaji akikuonyesha kioo cha inchi 27 chenye pikseli 1920 kwa 1080, piga hesabu: ni vidoti 82 kwa inchi, yale yale ya kile cha 19! Pikseli hizo hizo kwenye inchi 22 zinakupa 100. Kidogo kimemshinda kikubwa.

Lingine ni la bure. Wengi wakiona herufi ndogo wanapunguza pikseli kwenye mipangilio. Herufi zinakua, ila zinajaa ukungu. Acha pikseli zote zilizokuja na kioo, halafu kuza maandishi kwa asilimia 125 au 150.

Maofisi yanayonunua kwa zabuni nayo yaandike pikseli kwa inchi, siyo "kioo kikubwa". Macho ya karani na haki ya mwenye kiwanja vinategemea vidoti hivyo.

Mnaonaje wadau? Naomba kutoa hoja.