Kalori Mkononi: Kipimo au Kadirio?

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi wanaotaka kupunguza uzito wa miili yao wameielekeza methali hiyo kwenye chakula na nguvu za mwili, nao wamejipatia daftari la kisasa: kifaa kidogo kivaliwacho mkononi mfano wa saa, ambacho kila jioni huwaonyesha hatua walizopiga, mapigo ya mioyo yao na kalori walizotumia tangu asubuhi. Nia yao ni njema. Lakini daftari humfaa mwenye mali pale tu tarakimu zake zinapokuwa za kweli, na tarakimu ya kalori ionekanayo kwenye kioo cha kifaa hicho si kipimo bali ni kadirio. Tofauti ya maneno hayo mawili ni jambo ambalo kila mwalimu na kila mwanafunzi wa sayansi hana budi kulitia maanani, kwa sababu mtu anayekula kwa kufuata kadirio akidhani ni kipimo aweza kuongezeka uzito huku akiamini kwamba anaupunguza.

Suala lenyewe si la anasa. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watu wazima wapatao bilioni 2.5 walikuwa na uzito uliozidi kiasi, na miongoni mwao milioni 890 walikuwa na unene wa kupindukia. Hali hiyo huzidisha hatari ya kupata kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Mtu aliyeshauriwa na daktari kupunguza uzito anahitaji msaada wa kweli, naye ana haki ya kujua kile ambacho kifaa anachokinunua kwa fedha zake kinaweza kufanya na kile kisichoweza.

Kalori hupimwaje?

Kalori inayotajwa katika habari za lishe ni kilokalori, yaani kiasi cha joto kinachotosha kupandisha halijoto ya kilo 1 ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi. Kupima ni kalori ngapi mtu ametumia ni kazi ngumu. Katika miaka ya 1890 Wilbur Atwater na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wesleyan, Connecticut, Marekani, waliunda chumba ambamo mtu aliweza kuishi kwa siku kadhaa, akila, akilala na kufanya kazi, huku joto litokalo mwilini mwake na hewa aliyoitumia vikipimwa. Njia nyingine ilielezwa mwaka 1955 na Nathan Lifson na wenzake, waliofanya majaribio yao kwa panya. Mwaka 1982 Dale Schoeller na mwenzake wakachapisha matokeo yake kwa binadamu. Katika njia hiyo mtu hunywa maji yaliyotiwa atomi nzito za haidrojeni na za oksijeni. Haidrojeni hiyo hutoka mwilini kwa njia ya maji, ilhali oksijeni hutoka kwa maji na pia kwa kaboni dayoksaidi. Kwa kulinganisha kasi ya kutoka kwa atomi hizo mbili, wataalamu hujua mwili umetoa kaboni dayoksaidi kiasi gani, na kutokana na hiyo hupata nishati iliyotumika.

Kifaa cha mkononi hakifanyi lolote kati ya hayo. Ndani yake mna kihisi kinachotambua mchapuko, yaani mabadiliko ya mwendo wa mkono, na vijitaa, aghalabu vya rangi ya kijani, ambavyo mwanga wake hupenya kwenye ngozi na kurudi kwa kiasi kinachobadilika kila moyo unaposukuma damu. Baada ya hapo programu yake huchukua umri, jinsia, urefu na uzito ulioandikishwa na mvaaji mwenyewe, ikaviingiza katika milinganyo pamoja na habari za mkono na moyo, ikatoa tarakimu ya kalori.

Milinganyo ya namna hiyo ina historia ndefu. Mwaka 1919 James Arthur Harris na Francis Benedict walichapisha huko Marekani milinganyo ya kukadiria nishati ambayo mwili hutumia ukiwa umepumzika, iliyotokana na vipimo vya wanaume na wanawake 239. Mlinganyo wa aina hiyo hueleza mtu wa wastani, wala haumjui mtu fulani. Na kwa kuwa nishati ya mwili uliopumzika ndiyo sehemu kubwa ya matumizi ya siku kwa watu wengi, sehemu kubwa ya tarakimu ya jioni huwa imekwisha kukadiriwa kabla mvaaji hajaondoka kitandani. Tena, kazi ya mkono si sawa na kazi ya mwili mzima: asukumaye mkokoteni uliojaa mchanga huishikilia mipini kwa nguvu, na kihisi cha mchapuko huona mkono uliotulia.

Majaribio yaonyesha nini?

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, California, walichapisha matokeo ya kuvijaribu vifaa 7 kwa watu 60 waliotembea, waliokimbia na walioendesha baiskeli. Katika mapigo ya moyo, vifaa 6 kati ya hivyo 7 vilikuwa na kosa lisilozidi asilimia 5. Katika kalori, kifaa kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kilichofanya vibaya kuliko vyote kwa asilimia 93. Vifaa vipya vimetoka tangu wakati huo, lakini navyo hukadiria kalori kutokana na mwendo wa mkono, mapigo ya moyo na milinganyo.

Hesabu rahisi itadhihirisha uzito wa kosa hilo. Chukua mtu ambaye kifaa chake humwambia kila siku kwamba matembezi yake yametumia kilokalori 400, naye hujituza kwa chapati na maandazi yenye kilokalori 400. Ikiwa tarakimu hiyo imezidishwa kwa asilimia 27 yake, matembezi yalitumia kilokalori 292 tu, na kilokalori 108 zimebaki mwilini. Kwa siku 30 zitakuwa 3,240. Kwa kuwa kilo 1 ya mafuta ya mwili hukadiriwa kuwa na kilokalori 7,700 hivi, mtu huyo amejiwekea mafuta ya zaidi ya gramu 400 kwa mwezi, na daftari lake halikuandika hata moja.

Pengine itasemwa kwamba kosa halidhuru maadamu kifaa humwamsha mtu kutoka kitini. Hoja hiyo ina ukweli, ila matokeo yake yana mipaka. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Pittsburgh lililochapishwa mwaka 2016, vijana wapatao 470 wenye uzito uliozidi walipewa utaratibu wa chakula, mazoezi na ushauri. Baada ya miezi 6 baadhi yao waliongezewa kifaa cha kuvaa mkononi, na wengine wakaendelea kujiandikia wenyewe habari za chakula na mazoezi. Miezi 24 ilipotimia tangu mwanzo, wasiokuwa na kifaa walikuwa wamepungua kwa wastani wa kilo 5.9, na wenye kifaa kilo 3.5. Kwa upande mwingine, mapitio mapana ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba vifaa hivyo huwaongezea watu hatua 1,800 hivi kwa siku, na uzito hupungua kwa takriban kilo 1. Kwa hiyo faida ipo katika kutembea, nayo ni kubwa kwa afya. Katika kupunguza uzito faida ni ndogo.

Sababu mojawapo huenda ikapatikana karibu, kandokando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima Wahadzabe, ambao hupata chakula chao kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali, kwa kutumia ile njia ya maji yenye atomi nzito. Ilitazamiwa kwamba watu watembeao hivyo wangetumia nishati nyingi sana. Ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, matumizi yao ya siku hayakuwa tofauti na ya wakazi wa Marekani na Ulaya. Wataalamu wangali wakijadili namna mwili unavyoweza kubana matumizi yake mahali pengine. Hata hivyo, wazo kwamba kila hatua huongezwa moja kwa moja juu ya jumla ya siku halina tena msingi imara, nalo ndilo wazo linaloongoza tarakimu ya jioni.

Matumizi yanayofaa

Kutokana na hayo, anayetaka kupunguza uzito na akitumie kifaa kwa yale kinayoyaona vizuri. Ahesabu hatua, atazame mapigo ya moyo, alinganishe wiki hii na wiki iliyopita kwa kifaa kile kile. Tarakimu ya kalori asiigeuze kuwa ruhusa ya kula. Hukumu juu ya chakula itokane na mizani iliyosomwa mara moja kwa wiki, na ushauri wa mtaalamu wa afya. Kijana ambaye mwili wake ungali unakua asipunguze chakula kwa amri ya saa. Huyo ahitaji protini, madini na nishati ya kukulia, na kama kuna tatizo la uzito, daktari ndiye wa kulitazama.

Shule nazo zina nafasi yake. Pale palipo na kifaa kimoja, wanafunzi na watembee mita 400 uwanjani, mmoja akihesabu hatua kwa macho, mwingine akihesabu mapigo ya moyo kwa vidole kwa dakika 1, kisha tarakimu zao zilinganishwe na za kifaa na asilimia ya kosa ikokotolewe. Uzito wa mwanafunzi usiandikwe ubaoni, wala mtu asilinganishwe na mwenzake. Hatimaye mwalimu aulize jinsi tarakimu ya kalori inavyoweza kuhakikiwa. Darasa litagundua kwamba halina njia ya kuihakiki, na ugunduzi huo una thamani kuliko tarakimu yenyewe. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza kila tarakimu imetoka wapi atauliza vivyo hivyo mbele ya tangazo la dawa ya kupunguza unene, na swali hilo moja laweza kumwokolea fedha zake na afya yake.