Askari Aliyepofushwa na Jaji Aliyefumbuka Macho



Ndugu wasomaji, tunapowasimulia watoto wetu habari za mataifa makubwa, mara nyingi tunataja vita na tarehe, kana kwamba haki huja yenyewe baada ya bunduki kunyamaza. Historia ya Marekani katika karne iliyopita yatufundisha vingine. Wamarekani Weusi walipigana katika vita vikuu vyote viwili vya dunia, na mara zote mbili walirejea nyumbani wakakuta milango ile ile imefungwa. Damu waliyoimwaga ugenini haikutosha kuifungua. Walihitajika wenye kudai bila kuchoka, na alihitajika pia mtu wa upande wa pili, aliye tayari kushuhudia dhidi ya watu wake mwenyewe. Juma hili tutazame kisa kimoja kinachoyabeba yote hayo.

Tarehe 12 Februari 1946, sajini Isaac Woodard, kijana wa miaka 26, aliagwa jeshini kwa heshima katika kambi ya Camp Gordon, jimbo la Georgia. Alikuwa amehudumu Pasifiki katika vita dhidi ya Japani. Jioni hiyo hiyo alipanda basi kuelekea South Carolina kukutana na mkewe, angali amevaa sare. Njiani alimwomba dereva asimame ili apate kujisaidia. Dereva alimjibu kwa ukali, naye Woodard akamtaka aseme naye kama mtu na mtu. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake. Basi lilipofika katika mji mdogo wa Batesburg, dereva aliita polisi. Mkuu wa polisi wa mji, Lynwood Shull, alimpiga kwa kirungu, na mapigo yakaangukia machoni. Kulipopambazuka, askari aliyenusurika na vita vya ng'ambo alikuwa kipofu katika mahabusu ya jimbo alikozaliwa. Asubuhi hiyo akapelekwa mahakamani na kutozwa faini kwa madai ya ulevi na fujo.

Mwezi Septemba mwaka huo, Walter White, kiongozi wa chama cha NAACP kilichotetea haki za Wamarekani Weusi, aliongoza ujumbe hadi Ikulu na kumsimulia Rais Harry Truman kisa hicho. Truman alikuwa mjukuu wa watu waliomiliki watumwa. Tena yeye mwenyewe alikuwa askari wa Vita Kuu ya Kwanza. Habari kwamba mwanajeshi mwenye sare ya taifa amepofushwa na mlinzi wa sheria ilimtikisa. Mwezi Desemba aliunda kamati ya kuchunguza haki za raia, na tarehe 26 Julai 1948 akatia saini amri namba 9981, iliyotaka wanajeshi wote watendewe sawa bila kujali rangi. Hata hivyo, amri peke yake haikuwa tendo. Vita vya Korea vilipoanza mwezi Juni 1950, jeshi la nchi kavu lilikuwa bado na vikosi vya weusi peke yao. Ni upungufu wa askari vitani uliowasukuma makamanda kuvichanganya vikosi walivyokuwa wakikataa kuvichanganya wakati wa amani.

Turudi South Carolina. Serikali ya shirikisho ilimshitaki Shull, na kesi ikasikilizwa mwezi Novemba 1946 mbele ya Jaji Waties Waring. Jaji huyu alizaliwa mwaka 1880 katika mji wa Charleston, katika ukoo wa kale uliowahi kumiliki watumwa. Baba yake alipigana upande wa majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kwa miaka mingi hakuwa na neno la kuupinga utaratibu aliokulia. Siku ile alimtazama kipofu akitoa ushahidi, akaona jinsi waendesha mashitaka walivyoifanya kazi yao kwa uvivu, kisha akaona jopo la raia, wazungu watupu, likichukua takriban nusu saa kumwachia huru mshitakiwa. Mkewe, Elizabeth, alitoka mahakamani akilia.

Wawili hao hawakuliacha jambo lile mahakamani. Walilichukua hadi nyumbani. Jioni baada ya jioni walikaa wakasoma pamoja vitabu kuhusu ubaguzi wa rangi, na kuulizana kuhusu mambo ambayo katika jamii yao hayakuulizwa. Mwaka 1947 Jaji Waring aliamua kwamba Wamarekani Weusi wa South Carolina wana haki ya kupiga kura katika chaguzi za mchujo za chama cha Democratic, ambazo kwa hakika ndizo zilizoamua nani atatawala jimbo. Tangu hapo marafiki wa ujanani walimpita njiani bila salamu. Msalaba ulichomwa karibu na nyumba yao ili kuwatisha, na usiku mmoja wa mwaka 1950 nyumba hiyo ilirushiwa mawe.

Wakati huo, katika wilaya ya Clarendon, wazazi weusi walikuwa wameanza kwa ombi dogo: watoto wao walitembea maili nyingi kwenda shule, ilhali watoto wa wazungu walipanda mabasi ya serikali; basi na wao wapewe basi. Walinyimwa. Wakaenda mahakamani, na jina la kwanza katika orodha ya walalamikaji likawa la Harry Briggs, aliyekuwa amelitumikia jeshi la majini katika vita vile vile vya dunia. Alifukuzwa kazi katika kituo cha petroli. Mkewe Eliza naye akafukuzwa kazi yake. Nyumba ya mchungaji Joseph De Laine, aliyewaongoza, iliteketea kwa moto. Tusisahau jambo hili tunapomsifu jaji: yeye alipoteza marafiki, lakini wao walipoteza riziki na makazi.

Wakili wao, Thurgood Marshall, alikusudia kudai shule zilingane. Jaji Waring alimhimiza aushitaki utengano wenyewe. Kesi hiyo ilisikilizwa na majaji watatu mwaka 1951, na wawili wakaupa ubaguzi ushindi. Waring aliandika hukumu ya kupinga, akasema kwamba kuwatenga watoto kwa rangi yao, kwenyewe tu, ni kuwanyima usawa. Mwaka uliofuata alistaafu, yeye na mkewe wakahamia New York. Tarehe 17 Mei 1954, Mahakama Kuu ya Marekani, katika uamuzi wa kesi tano zilizounganishwa, ile ya Clarendon ikiwa mojawapo, ilitamka kwa kauli moja kwamba utengano katika shule za umma ni kinyume cha katiba. Hoja iliyoshindwa Charleston ikawa sheria ya taifa zima. Jaji Waring alipofariki mwaka 1968 na mwili wake kurejeshwa Charleston, waliomsindikiza kaburini walikuwa hasa Wamarekani Weusi. Wazungu wa mji wake walihesabika kwa vidole.

Ndugu zangu, sisi hatukuhitaji kungoja kisa cha Marekani ili tuijue kanuni hii. Katika Suratun Nisaa, aya ya 135, Mwenyezi Mungu Subhaanahu wa Taala anawaamuru waumini wawe wasimamizi wa uadilifu na mashahidi kwa ajili Yake, hata kama ushahidi huo ni dhidi ya nafsi zao, wazazi wao au jamaa zao. Na yule mwanamke wa ukoo mtukufu wa Makhzum alipoiba, na watu wakamtuma Usama bin Zayd amwombee, Mtume (S.A.W.) alikasirika na kubainisha kwamba hata binti yake Fatima asingepata upendeleo katika hukumu ya Mwenyezi Mungu. Kanuni tunayo. Utekelezaji ndio unaotushinda.

Wengi wetu hatutaketi kamwe katika kiti cha jaji wa shirikisho. Lakini ni nani kati yetu asiyekaa katika kikao cha ukoo? Marehemu ameacha nyumba na shamba, na dada zetu wanaambiwa wawaachie kaka zao kwa sababu wao wameolewa. Sote tunalijua fungu lao katika Qur'ani, na sote tunatazama mkeka. Mtoto wetu wa kiume amempiga mkewe, na tunakwenda kwenye usuluhishi kumtetea kabla hatujasikia upande wa pili. Msichana wa kazi hajalipwa miezi kadhaa, na jirani ajuaye anasema si nyumba yake. Hapo kila mmoja ni mjumbe wa lile jopo lililochukua nusu saa, au ni mtu arudiye nyumbani na kukosa raha mpaka aseme kweli.

Tena tuwape watoto wetu mfano wa kuona. Wanajifunza uadilifu siku baba aliposema mbele yao kwamba mwanawe ndiye aliyekosea na mtoto wa jirani ana haki. Wanajifunza mama anapomlipa mfanyakazi ujira wake kamili, ingawa hakuna wa kumuuliza. Na mume na mke wakizoea kuulizana jioni, je, leo tumemdhulumu nani, nyumba hiyo haitangoja kelele za nje ndipo izinduke.

Isaac Woodard hakurudishiwa macho yake, na aliishi katika giza hadi alipofariki mwaka 1992. Mwaka 2018 mahakama ya mji ule ilifuta hukumu aliyopewa asubuhi ile ya mwaka 1946, miaka 72 baadaye. Aliyedhulumiwa hakuwapo tena kuisikia. Kwa hiyo, aliye na haki ya mtu mkononi mwake aitoe angali hai yeye na mwenye haki yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuione haki kuwa ni haki na atupe nguvu ya kuifuata, na atuonyeshe batili kuwa ni batili na atuepushe nayo. Aamin.

Wabillahi tawfiq.