Ukuta wa picha sebuleni kwako: umemruka nani?

Wadau, kuna staa mmoja wa hapa Bongo, jina lake nalihifadhi, ambaye majuzi aliposti video akituzungusha kwenye nyumba yake mpya. Jiko la kisasa, sofa nyeupe, zulia la kukanyaga kwa adabu. Alipofika sebuleni ndipo watu wakachachamaa. Ukuta mzima wa picha, fremu kama 20 hivi, na zote ni yeye. Yeye Dubai, yeye jukwaani, yeye na gari. Komenti iliyopata laiki nyingi kuliko zote ilikuwa na maneno matatu tu: "Mama yuko wapi?"

Mimi simpigi mawe. Nyumba yake, ukuta wake, misumari yake. Huenda mama mwenyewe hataki kuanikwa mtandaoni, na ni haki yake. Ila ile komenti ilinikaa kichwani siku nzima, kwa sababu hata mimi nilishawahi kutengeneza ukuta wa picha na nikamsahau mtu. Au niseme ukweli: sikumsahau, nilimruka.

Iko hivi. Mzee wetu alikuwa na mtoto nje ya ndoa, kaka yangu, amenizidi miaka miwili. Nyumbani tulijua yupo, ila hazungumzwi. Mzee alipofariki nilikusanya picha, nikazisafisha, nikapamba ukuta wa sebule ya mama. Fremu 14. Harusi ya wazazi, mahafali yetu, hadi pikapu ya mzee ilipata nafasi. Siku ya arobaini kaka akaja. Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kinatazamana na ule ukuta, akakaa hapo. Nilimwona macho yakitembea fremu moja baada ya nyingine hadi ya mwisho, halafu yakarudi ya kwanza. Hakusema kitu. Aliomba maji, akanywa, akaaga mapema.

Yaani pikapu ilikuwepo, yeye hakuwepo.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja na leo nausema: kabla hujawaza rangi ya fremu, hesabu watu. Mgeni akiingia kwako anausoma ule ukuta kama daftari la familia. Huyu wetu, huyu wetu, na huyu. Asiyekuwepo naye anasomeka, na yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kujisoma.

Wazee wetu hili walilijua. Mnakumbuka zile nyumba ambazo picha zilitundikwa juu kabisa karibu na dari, zimeinamia mbele kama zinatuchungulia? Zilikuwa chache, tena nyeusi na nyeupe. Enzi zile picha ilikuwa safari. Unavaa nguo ya sikukuu, unakwenda studio, unakaa wima, unapigwa moja. Kule Zanzibar, Capital Art Studio ya Mji Mkongwe imekuwepo tangu 1930, na familia nyingi zimepita mbele ya kamera zake. Picha ikiwa ghali hivyo, aliyetundikwa ametundikwa kwa maana. Leo simu ina picha elfu nne, lakini ukuta bado una nafasi ya 10 au 15. Swali ni lilelile: nani anaingia?

Kwa hiyo ukitaka kuanza, chukua karatasi kwanza, simu iache. Andika majina. Bibi aliyekulea likizo, shangazi aliyekulipia ada, mdogo wako aliyefariki mkiwa wadogo, baba wa kambo aliyefanya kazi ya baba. Ukimaliza, ndipo uzitafute picha.

Na usisubiri picha kali. Picha ya bibi akiwa jikoni anacheka, imetikisika kidogo, inashinda ile ya kitambulisho. Mmeshaona misibani: mtu kaishi miaka 70, picha ya pale mbele imekatwa kutoka kwenye picha ya harusi ya mtu mwingine, bega la jirani bado linaonekana. Kapige picha wazee wako wikiendi hii, na uzisafishe. Simu ikiibiwa kwenye daladala inaondoka na ukoo mzima.

Sasa mambo ya fundi. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida inapunguzwa ubora, hivyo mwambie aliyenayo akutumie kama dokumenti. Ya inchi 4 kwa 6 haina shida sana, ila ukitaka 8 kwa 10 itoke safi inahitaji kama pikseli 2400 kwa 3000. Za zamani za karatasi zipeleke zikaskaniwe, usizipige kwa simu chini ya taa ya sebuleni, zitatoka na mng'ao.

Usianze kupigilia ovyo. Tandaza fremu zote sakafuni, zipange hadi uridhike. Au kata magazeti kwa ukubwa wa kila fremu, uyabandike ukutani kwanza. Kati ya fremu na fremu acha sentimita 5 hadi 7, na katikati ya mpangilio wote iwe karibu sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, usawa wa macho. Ukuta wa tofali unataka misumari ya zege, na fremu nzito inataka drili na fisha. Kama umepanga na mwenye nyumba hataki kusikia nyundo, funga kamba mbele ya shelfu au kabati, ubane picha kwa vibanio, inapendeza vilevile. Sisi wa Dar na pwani yote, unyevu ni adui. Picha ikigusa kioo itakuja kunatia, hivyo mwombe fundi fremu aweke karatasi ngumu yenye dirisha katikati itenganishe. Na jua la dirishani lisipige picha moja kwa moja, litaifubaza.

Nirudi kwa kaka. Baada ya miezi kadhaa nilijikaza nikampigia, nikamwomba picha. Kesho yake akaja nayo mwenyewe. Yeye na mzee, studio, yeye ana kama miaka sita, mkono wa mzee uko begani kwake. Alikuwa akitembea nayo kwenye pochi miaka yote, kona zimelika. Niliiskani, nikamrudishia yake, nikaiwekea fremu. Ilibidi niiondoe pikapu.

Nilikuwa naogopa mama atasemaje. Aliitazama muda mrefu, mpaka nikaanza kutafuta maneno. Kisha akasema, "Isogeze kidogo kulia, imepinda."

Najua wapo mtakaosema mambo ya familia yabaki ndani, na kuna majeraha hayaponi kwa fremu. Ni kweli, na kama mtu alikuumiza sikulazimishi umtundike. Ila kama aliyerukwa hana kosa lake, msumari mmoja haukugharimu kitu.

Haya, mdau, na kwenu je? Nani hayupo ukutani, na nani aliamua? Tiririka hapo chini.