Barua ya wazi kwa Baraza la ICAO: Rubani asikie na ya mwenzake

Waheshimiwa wajumbe wa Baraza la Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, Montreal,

Usiku wa tarehe 25 Mei 2000, katika kiwanja cha Charles de Gaulle, Paris, ndege ndogo ya Uingereza aina ya Shorts 330 iliingia kwenye njia ya kurukia huku MD-83 ya Air Liberté imekwisha kushika kasi. Bawa la ndege kubwa lilipasua chumba cha marubani cha ile ndogo, na rubani msaidizi akafa. Waingereza wale walikuwa wameruhusiwa kuingia kwa Kiingereza, wakaambiwa wao ni wa pili. Wa kwanza aliruhusiwa kuruka kwa Kifaransa. Ni nani, na yuko wapi? Redio ilikuwa wazi masikioni mwao, lakini haikuwaambia kitu. Mnarani nako walidhani Shorts iko nyuma ya MD-83.

Naandika kwa sababu kanuni zenu bado zinaruhusu hali hiyo. Kiambatisho cha 10 cha Mkataba wa Chicago kinataka Kiingereza kipatikane kwa rubani anayekiomba. Hakiwazuii wengine kwenye masafa yaleyale kutumia lugha ya nchi. Kiwango cha 4 cha umahiri wa lugha, mlichokidai tangu Machi 2008, kimesaidia sana, lakini hakimfai kitu rubani ambaye maneno yanayomhusu yanasemwa kwa lugha asiyoijua. Rubani hasikilizi ya kwake peke yake. Akisikia mwenzake ameruhusiwa kutua, anajua asisogee. Akisikia ndege nyingine inapanda kukikaribia kimo chake, anauliza. Juu ya Zagreb, tarehe 10 Septemba 1976, mwongoza ndege na marubani wa shirika la Inex-Adria walimalizia mazungumzo yao kwa Kiserbokroati. Marubani wa British Airways hawakuelewa. Ndege ziligongana, watu 176 wakafa. Kituo cha kuongozea ndege kilikuwa kimelemewa na kazi, na hilo ndilo kosa kubwa zaidi. Hata hivyo kinga ya mwisho, sikio la rubani, ilikuwa imeondolewa.

Najua lugha ni heshima ya watu. Mimi ni Mswahili, na Kiswahili nakipigania. Marubani wa Québec waliodai Kifaransa mwaka 1976 walikuwa na hoja, na tume ya Kanada mwaka 1979 iliona kwamba lugha mbili zaweza kutumika kwa usalama. Anayejifunza kuruka kwenye kiwanja kidogo, kati ya wenzake, na azungumze lugha yake. Lakini Dar es Salaam na Nairobi, ambako rubani na mwongoza ndege wangeelewana vizuri kabisa kwa Kiswahili, wanatumia Kiingereza, kwa sababu kuna mgeni anayesikiliza.

Ninachoomba ni hiki: katika viwanja vya kimataifa, kila ruhusa ya kuingia, kuvuka, kuruka au kutua itolewe na kurudiwa kwa Kiingereza, maadamu kwenye masafa yupo asiyejua lugha ya pale. Na waliozaliwa na Kiingereza nao wabanwe: waache misemo ya kwao na kusema mbiombio, wafuate maneno yaliyopangwa.

Wachunguzi wa Ufaransa wenyewe, BEA, baada ya ajali ya Paris walipendekeza Kiingereza kitupu kifikiriwe Charles de Gaulle na viwanja vingine vyenye ndege nyingi za kimataifa. Pendekezo hilo liwekeni mezani katika kikao chenu kijacho, mlipigie kura.